Nani Ana Haki ya Kufunga Njia ya Nafaka?

Liko swali moja ambalo hurudi kila mara mvua zinapokosa katika upande mmoja wa nchi na kunyesha vema katika upande mwingine. Mkoa uliojaliwa mavuno wasema: Chakula chetu kisitoke. Mkoa uliokosa wauliza: Je, sisi si wananchi wa nchi hii? Na katikati ya hao wawili, barabarani, umelazwa mti mmoja juu ya mapipa mawili, na kijana amekaa chini ya mwembe na kitabu cha stakabadhi mkononi. Swali letu juma hili lahusu mti huo. Nani aliyeuweka, na kwa haki gani?

Watu wengi hudhani kwamba jambo hili ni la wataalamu wa uchumi na wakubwa wa serikali tu. Sisi hatuoni hivyo. Ni jambo la dhamiri kwanza, maana lagusa chakula, jasho la mkulima na ujirani. Tena lahusu kila nyumba, kwa kuwa hakuna nyumba isiyouza wala isiyonunua. Yafaa basi tulipime polepole, bila hasira.

Kwanza tumsikilize anayefunga njia, kwani hoja yake si ya kipumbavu. Yeye asema: Nimepewa watu hawa niwaangalie. Nimeona kwa macho yangu jinsi wakulima wanavyouza mahindi yote mwezi wa Juni, wakanunua bati na baiskeli, kisha mwezi wa Januari wakaja mlangoni kwangu kuomba msaada. Wachuuzi huja na malori kabla mahindi hayajakauka, hununua kwa bei ya kutupa, nao walewale huyarudisha wakati wa njaa kwa bei mara mbili. Baba mwenye busara hufunga ghala lake. Kwa nini mimi nisifunge?

Hoja hii yagusa moyo, na mara nyingi asemaye hivyo awapenda watu wake kweli. Walakini imesimama juu ya mfano usiolingana. Baba afungaye ghala hufunga ghala lake mwenyewe, alilolijaza kwa jembe lake na majembe ya watoto wake. Mkuu afungaye njia hufunga ghala la watu wengine. Mkoa haukulima, haukupalilia, haukukopa mbolea, wala haukulala shambani kufukuza nguruwe. Mama wa kijijini aliyevuna magunia kumi na mawili ndiye mwenye mali, na huenda katika magunia hayo amekwisha kuona ada ya shule na dawa za mumewe. Ukimwambia asiuze ila hapahapa, mahali ambapo kila jirani naye ana mahindi na hapana mnunuzi, umemnyang'anya sehemu ya mavuno yake bila kuligusa gunia lake. Bei iliyoangushwa na mti wa barabarani ni kodi, ijapokuwa haikuandikwa katika stakabadhi yoyote. Tena anayeilipa si tajiri wa mkoa ule. Ni mkulima wake. Kama mkoa wataka akiba, na ununue akiba kwa bei ya soko na kwa fedha ya wote, ili mzigo wa wema huo uchukuliwe na wote.

Halafu tuulize, huo "mkoa wetu" ni kitu gani? Hadi mwaka 2012 Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Katavi, pamoja na Njombe, Simiyu na Geita. Mwaka 2016 Mbozi, Momba na Ileje zikatoka Mbeya zikawa katika Mkoa mpya wa Songwe. Hapana mlima uliohama wala mto uliobadili njia. Watu waliolala wakiwa wa mkoa mmoja wakaamka wakiwa wa mikoa miwili, na jambo hilo lilifanywa kwa sababu njema, ili huduma za serikali ziwasogelee wananchi. Je, kalamu iliyochora mstari kwa ajili ya huduma yaweza kuwa imebadili pia wajibu wa mtu kwa jirani yake? Kama ilikuwa halali kwa mtu wa Mpanda kununua mahindi ya Sumbawanga mwaka 2011, hatuoni ni kitu gani kilichoifuta haki hiyo mwaka uliofuata. Mpaka wa utawala ni kama ukuta wa chumba ndani ya nyumba moja: wasaidia kujua nani afagie wapi. Haukujengwa ili wa chumba hiki wasiwapitishie chakula wa chumba kile.

Wako watakaotukumbusha fundisho la Papa Pius XI, aliloliandika mwaka 1931 katika barua yake Quadragesimo Anno, ya kwamba mamlaka ya juu isichukue kazi ambayo jamii ndogo yaweza kuifanya yenyewe. Watasema: Basi ziachieni wilaya na mikoa ziamue mambo yao. Fundisho twalikubali, lakini twaomba lisomwe hadi mwisho wa ngazi. Chini ya mkoa iko wilaya, chini ya wilaya kipo kijiji, na chini ya kijiji iko jamaa: baba na mama, watoto wao na shamba lao. Hao ndio walio chini kabisa, na kuuza mavuno yao ni kazi wanayoiweza. Haifai mtu kuliomba fundisho hilo limkinge na walio juu yake, kisha akalisahau anapowatazama walio chini yake. Naye Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba tofauti kubwa za hali kati ya sehemu na sehemu za nchi moja ni jambo la haki, nayo serikali yapaswa kujitahidi kuziondoa. Nasi twauliza, zitaondokaje, ikiwa sehemu iliyojaliwa kitu hairuhusiwi hata kukiuza kwa sehemu iliyokikosa?

Nchi yetu ilikwisha kuijaribu njia ya kufunga, wala si zamani sana. Wazee wetu waikumbuka. Katika miaka ya 1970 biashara ya nafaka iliwekwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, hasa baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976. Bei ya serikali ilikuwa moja nchi nzima, mkulima awe kando ya reli au awe ndani kabisa huko Ufipa. Tusiifanyie dhihaka nia hiyo. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, ambao zamani umbali uliwanyima soko, walilipata soko, wakalima kwa bidii, na Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa. Lakini kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja tu, mwananchi hakuruhusiwa kusafirisha nafaka toka mkoa hadi mkoa bila kibali, ila mzigo mdogo wa kilo 30. Vizuizi vikawekwa, mabasi yakasimamishwa, vikapu vikafunguliwa.

Ikawaje? Shirika lilizidiwa na kazi. Malori yalikuwa machache na barabara mbovu, nayo mahindi yakakaa vijijini yakingoja kuchukuliwa. Huku mijini watu walipanga foleni kwa ajili ya unga wa njano uliotoka ng'ambo, ambao wenye utani waliuita "Yanga". Na njia za panya zikastawi.

Hapo twamwomba msomaji atulie kidogo, maana hasara ya magunia huandikwa katika vitabu, bali hasara ya dhamiri haiandikwi popote. Mama aliyempelekea binti yake aliyejifungua debe mbili za mahindi alikuwa mvunja sheria. Askari aliyemwonea huruma akamwacha apite alikuwa mvunja sheria. Askari aliyepokea shilingi chache akamwacha apite alikuwa mla rushwa, lakini machoni pa yule mama huyo alikuwa mtu mwema kuliko mwenziwe mwaminifu aliyemnyang'anya debe zake. Sheria inapoligeuza tendo la upendo wa kawaida kuwa kosa, haimfanyi mwananchi awe mwema zaidi. Yamfundisha kwamba sheria na wema ni vitu viwili mbalimbali, na mtu aliyekwisha kujifunza hivyo kwa ajili ya unga hatakosa kulikumbuka somo hilo anapodaiwa kodi yake ya halali au anapokaa katika kiti cha ofisi. Ulipofika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, walaghai wakubwa walikuwako kweli. Walakini hofu iliwaingia hata watu wenye mizigo midogo ya nyumbani, kwa maana mstari kati ya ulanguzi na riziki ulikuwa umefutika kitambo.

Mwaka 1984 serikali yenyewe ilianza kulegeza. Kiasi cha kusafirisha bila kibali kiliongezwa toka kilo 30 hadi kilo 500, na mwaka 1987 vizuizi vya nafaka kati ya mikoa vikaondolewa. Leo mahindi ya Kiteto, katika Mkoa wa Manyara, huuzwa katika soko la Kibaigwa, Mkoa wa Dodoma, kisha hupakiwa katika malori kwenda Dar es Salaam. Mikoa mitatu, gunia moja. Anayekula ugali huo Tandale hajui mkulima wake ni wa mkoa gani, wala hana haja ya kujua.

Kama yuko anayedhani kwamba mambo haya ni madogo, na atazame yaliyotukia Bengal, katika Bara Hindi, mwaka 1943. Nchi hiyo ilikuwa chini ya utawala mmoja wa Waingereza, yenye reli nyingi na nafaka katika majimbo mengi. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa kutoka huko ulikatika. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule tufani ikaharibu mashamba ya pwani. Hofu ilipoenea, kila jimbo lilikataza nafaka yake isitoke pasipo ruhusa. Katika mambo ya chakula majimbo yakawa kama nchi za kigeni zisizopatana. Sababu za njaa ile zilikuwa nyingi, kama vita, bei zilizopanda upesi kuliko ujira wa vibarua, na utawala uliochelewa kuona. Hatusemi kwamba vizuizi peke yake viliua. Lakini vilikuwa miongoni mwa sababu hizo. Tume ya Uchunguzi ya wakati ule ilikadiria kwamba walikufa watu 1,500,000. Waliochunguza baadaye walikadiria kwamba walikuwa karibu 3,000,000.

Tena liko jambo katika habari hiyo ambalo mara nyingi husahauliwa. Katikati ya mwaka 1943, watu wakiwa wanakufa, njia zilifunguliwa kwa ghafula katika majimbo ya mashariki. Wanunuzi waliingia Bihar na Orissa kama nzige, bei zikaruka, majimbo yale yakapiga kelele, na baada ya muda mfupi njia zikafungwa tena. Kwa hiyo njia ya nafaka si dawa ya kufunguliwa siku ya msiba. Yapasa iwe wazi miaka yote, ili wafanya biashara wawe wamezoeana, maghala yawe yamejengwa, na mahindi yawe yanasogea kidogo kidogo kabla ya watu kushikwa na hofu.

Sasa tugeukie kizuizi cha namna ya pili, ambacho hakisemi "usipite", bali chasema "lipa upite". Hiki ndicho tulicho nacho zaidi siku hizi, nacho ni kigumu kukihukumu, kwa sababu anayekiweka ana haja ya kweli. Halmashauri ya wilaya ina zahanati za kuendesha na madaraja ya kukarabati. Mashamba ni mengi, viwanda hakuna. Njia rahisi ya kupata fedha ni kuweka geti barabarani, maana lori halina mahali pa kujificha. Ushuru wa mazao ni halali kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982, nasi hatumfundishi mtu yeyote kukwepa kodi halali.

Lakini na tuulize kwa unyofu: huo ushuru hulipwa na nani? Mwenye lori ndiye atoaye fedha mfukoni, na diwani hufurahi kwamba wamemtoza mfanya biashara mgeni. Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme gunia mjini lauzwa shilingi 80,000. Mchuuzi ajua kwamba usafiri ni 12,000 na riziki yake 8,000. Basi kijijini aweza kulipa 60,000. Sasa njiani pana mageti matatu, kila moja shilingi 1,000. Mjini bei haitapanda kwa ajili yake, maana wako wachuuzi wengine waliopita njia nyingine. Mchuuzi hatakubali kupunguza riziki yake. Anarudi kijijini na kusema: Mama, gunia ni 57,000. Geti la halmashauri limemtoza mkulima wa halmashauri hiyohiyo, na mageti mengine mawili yamemtoza mkulima asiyepiga kura huko, asiyetibiwa katika zahanati yao, wala asiyeweza kumuuliza diwani wao fedha yake imekwenda wapi. Twaona kwamba ubaya wa geti la njiani umo hapo hasa. Kodi yapaswa kuwa kati ya watu na wale wanaowajibika kwao. Geti la njiani humtoza mtu asiye na mdomo.

Ziko hasara nyingine ambazo hesabu hiyo haizionyeshi. Pale ushuru unapotozwa kwa gunia badala ya kwa kilo, mchuuzi hushindilia gunia mpaka likawa na kichwa na mabega; ndiyo ile lumbesa inayolalamikiwa kila mwaka, ijapokuwa sheria yataka gunia lisizidi kilo 100. Nyanya na ndizi hazingoji mabishano. Lori likilala getini usiku mmoja kwa sababu karani kaenda na kitabu nyumbani, mzigo wa asubuhi si mzigo ule wa jana. Na karani mwenyewe, kijana wa watu, yu peke yake usiku kando ya barabara na fedha taslimu. Wazazi waliompeleka shule hawakumwombea jaribu la namna hiyo.

Serikali imeliona jambo hili mara kadhaa. Mwaka 2003 ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliokuwa kero. Mwaka 2017 ikashusha ushuru wa mazao toka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaamuru kwamba mzigo usiozidi tani moja, unaotoka wilaya moja kwenda nyingine, usitozwe. Twaliona agizo hilo la tani moja kuwa la haki kuliko mengi tuliyoyasikia, kwa sababu lilimtazama mtu mdogo. Mama mwenye magunia matatu juu ya fuso la jirani si mfanya biashara mkubwa.

Ndugu zetu wa Kenya waliliandika jambo hili katika Katiba yao ya mwaka 2010. Ibara ya 209 yawapa wakuu wa kaunti uwezo wa kutoza kodi fulani, kisha yaongeza kwamba uwezo huo usitumike kwa namna ya kudhuru shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, wala kuzuia bidhaa na watu kwenda huku na huku nchini. Maneno mazuri. Hata hivyo, tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, malalamiko ya wenye malori kutozwa katika kaunti moja baada ya nyingine hayakukosekana. Wala tusidhani kwamba ni ugonjwa wa nchi maskini. Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 yasema kwamba bidhaa za jimbo lolote ziingie bure katika majimbo mengine; walakini mwaka 2012 mtu wa New Brunswick alitozwa faini kwa kununua bia nyingi mno upande wa Quebec na kuileta nyumbani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba sheria ya jimbo ni halali. Ndipo mwaka 2025 Bunge lao likatunga sheria mpya ya kupunguza vikwazo vya upande wa serikali kuu. Miaka zaidi ya 150, na bia haijavuka daraja!

Hatusemi kwamba kila kizuizi ni kibaya. Ng'ombe wenye ugonjwa wa miguu na midomo wasimamishwe, hata kama mwenye ng'ombe atalia. Miche ya migomba yenye mnyauko isipite. Magogo yaliyokatwa katika msitu wa hifadhi yakamatwe. Hapo kizuizi kinamlinda jirani na madhara yaliyomo ndani ya mzigo wenyewe. Kadhalika halmashauri iliyojenga soko lenye paa, choo na mizani ya haki yastahili kulipwa na wanaolitumia, na ushuru utozwao mara moja tu, pale mavuno yanapouzwa mara ya kwanza, ni jambo ambalo mkulima aweza kumdai diwani wake hesabu. Tofauti yake na geti la njiani si ngumu kuiona. La kwanza hutoza kwa kitu kilichotendwa. La pili hutoza kwa sababu mtu kapita.

Tumesema mengi juu ya ubaya wa kufunga. Ingekuwa udanganyifu kumwacha msomaji akidhani kwamba kufungua kwatosha. Mwezi wa Septemba mwaka 1774 waziri wa fedha wa Ufaransa, jina lake Turgot, alitoa amri kwamba nafaka isafiri huru ndani ya ufalme wote. Alikuwa mtu mwadilifu, na hoja zake zilikuwa za kweli. Lakini mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Siku za majira ya kuchipua za mwaka 1775 watu maskini waliona magari na mashua za ngano zikiondoka mbele ya macho yao kwenda kwa wenye fedha, huku bei ya mkate ikiwashinda. Wakafanya ghasia, na askari wakatumwa kuzizima. Mwaka 1776 Turgot aliondolewa kazini. Na jirani yetu Ethiopia, katika njaa ya Wollo ya mwaka 1973, chakula kilikuwa kikitoka Wollo kwenda Addis Ababa na Asmara. Mtaalamu wa Kihindi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha sababu yake: watu wa Wollo walipoteza mazao na mifugo yao, kwa hiyo hawakuwa na kitu cha kununulia, nao mchuuzi hafuati njaa, hufuata fedha. Njia ilikuwa wazi, na mtu alikufa kando yake.

Basi aliyeondoa mti barabarani hajamaliza wajibu wake. Nchi iliyo na soko moja imejitwika kuwa jamaa moja, na jamaa haimwambii mwenye njaa: Soko liko wazi, kanunue. Ndiyo maana ya kuwa na akiba ya taifa, ambayo tangu mwaka 2008 huangaliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ndiyo maana ya kazi za ujira wakati wa ukame, ili mtu wa Singida au Dodoma aje sokoni na shilingi yake mkononi kama mtu mwingine. Anayetaka njia zifunguliwe lakini hataki fedha ya wote itumike kwa walioshindwa kununua, ataka nusu ya haki, tena ile nusu isiyomgharimu.

Naye mfanya biashara asijidhani kwamba ameachwa nje ya maneno haya. Liko swali la kale sana juu yake. Cicero wa Roma aliuliza: mtu ameleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kwamba merikebu nyingine zaja nyuma yake, je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze ghali? Cicero alisema yampasa kuwaambia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilitazama swali hilo tena, akasema kwamba haki haimlazimishi kusema, lakini akisema, au akipunguza bei, wema wake wazidi. Tofauti ya wakubwa hao wawili ni nzuri kufikiriwa na kila mwenye lori. Siku hizi simu imefupisha swali, kwa kuwa bei ya Dar es Salaam yaweza kujulikana Laela kabla lori halijawasha moto. Bali yuko mkulima asiye na simu, au asiye na wa kumpigia, na anayemnunulia ajua hivyo.

Imebaki ile hofu ya kwanza, ya yule mkuu aliyesema kwamba watu wake huuza yote mwezi wa Juni wakalia mwezi wa Januari. Hofu hiyo ni ya haki, na kuondoa mti hakuiondoi. Lakini mlinzi wa ghala la nyumbani si karani wa geti. Familia ya watu sita ina haja ya kujua itakula magunia mangapi toka mavuno hadi mavuno, mangapi yatakuwa mbegu na sadaka na ya wageni, na yapi ndiyo ya kuuzwa. Tena kama yauzwe yote siku moja, au mengine yangoje bei ya Novemba katika mifuko isiyopitisha dumuzi. Mahali penye chama cha ushirika au ghala la stakabadhi, kungoja huko si kugumu kama zamani. Hesabu hiyo hufanywa nyumbani, mama akiwapo na akisikilizwa, kabla lori halijapiga honi nje ya uwanja.